Hoteli ya benchi mbili

Msomaji mpenzi, hebu niambie ukweli, maana hapa tuko wawili tu: umewahi kusimama nje ya mlango wa hoteli, mkono mfukoni, ukihesabu pesa kwa vidole bila kuzitoa ili watu wasikuone? Kama hujawahi, mshukuru Mungu wako na ugeuze ukurasa. Kama umewahi, vuta kiti ukae. Leo tunakwenda kula Ngara, na usiogope, bili yenyewe si kubwa. Kubwa ni lile nililolikuta huko.

Mambo yalianza Jumamosi iliyopita. Nilikuwa nimewaahidi watu wa nyumbani kwamba mwisho wa mwezi ukifika tutakula nje. Unazijua ahadi za akina baba. Ukizitoa tarehe 10 huonekana ndogo kama punje ya mtama, lakini ikifika tarehe 30 zinakusimamia mlangoni kama mwenye nyumba anayedai kodi. Kitindamimba wangu, binti wa miaka 13, alikuwa amekwisha kuchagua chakula. Alitaka mkate wa Kiitaliano.

Usifikirie mkate wetu huu wa kupaka siagi asubuhi. Alitaka ule mrefu, unaopasuliwa ubavuni na kujazwa nyama zilizokatwa nyembamba kama karatasi, jibini, nyanya, vitunguu na majani ya saladi, kisha ukanyunyiziwa mafuta na siki. Alikuwa ameuona kwenye simu ya rafiki yake, na tangu siku hiyo sisi wengine tulioendelea kula githeri tulikuwa watu wa kuhurumiwa.

Basi tukaenda mjini. Tukafika kwenye duka lenye taa nyingi na viti virefu, nami nikasoma bei zilizoandikwa ukutani. Nikafuta miwani, nikasoma tena. Mkate mmoja, shilingi 850! Tulikuwa watatu, na wa nne, kifunguamimba wangu aliye mwaka wa pili chuoni, alikuwa njiani. Ukiweka na vinywaji, mlo ule ungepita shilingi 4,000. Mama watoto alinitupia lile jicho ambalo mume wa zaidi ya miaka 20 hahitaji kufasiriwa. Binti naye alikuwa akitazama mikate ile kama anayetazama jamaa wa mbali waliorudi kutoka ng'ambo.

Aliyetuokoa ni kifunguamimba. Aliingia, akatazama ukuta, akanitazama mimi, akaelewa. Watoto wa siku hizi wanaelewa mambo mapema kuliko tunavyopenda.

"Baba," akasema, "twendeni Ngara. Kuna mahali mimi hula. Pia huko chakula hufungwa ndani ya mkate, ila mkate wenyewe ni chapati."

Mama watoto akauliza kama mahali hapo pana viti. Kijana akajibu kwamba pana benchi. "Ngapi?" "Mbili, Mama."

Ewe mkazi wa jiji, huna haja ya kuelekezwa njia. Tulishuka hadi Globe, mzunguko wa barabara ambao bado unaitwa kwa jina la sinema ya zamani, tukavuka Mto Nairobi, tukapanda Ngara. Tulipita karibu na ile iliyokuwa sinema ya Shan, ambayo siku hizi inaitwa Sarakasi Dome na ni nyumba ya wanasarakasi na wachezaji ngoma. Tulipita wauzaji wa nguo za mitumba na viatu, mafundi wa cherehani, vijana wa kuuza vifuniko vya simu, na makondakta wanaokuita kama kwamba mlisoma pamoja. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilitupokea kabla hatujaiona hoteli yenyewe.

Naiita hoteli kwa sababu ndivyo tunavyosema Kenya, lakini mtu wa kutoka mbali angesema ni kibanda cha mabati. Benchi mbili, meza moja iliyotandikwa plastiki ya maua, majiko mawili ya makaa, na debe la maji lenye bomba dogo la kunawia mikono. Kwenye kipande cha ubao paliandikwa bei kwa chaki. Kwenye benchi ya kwanza walikaa wanafunzi watatu na vitabu vyao; kwenye ya pili fundi wa mabomba, askari wa usiku aliyekuwa amemaliza zamu, na bibi mmoja mwenye kikapu. Walipotuona walijisogeza bila kuambiwa. Nakuhakikishia, pale kwenye taa nyingi hakuna mtu aliyesogea.

Mwenye hoteli, mwanamke wa makamo aliyefunga kitambaa kichwani, alitandaza chapati ya moto. Akaweka juu yake mayai mawili ya kukaanga, akateka ndengu nzito kwa upawa na kuzipanga katikati kwa mstari, akatupia kachumbari na pilipili kidogo, akaikunja kama mkeka, akaifunga kwa karatasi upande mmoja ili mchuzi usikutiririkie mkononi. Yote hayo kwa muda ambao pale mjini ulinitosha kusoma bei tu. Shilingi 100. Chai ya maziwa, 20.

Binti yangu aling'ata. Akatafuna. Akatafakari kama hakimu. Kisha akatoa hukumu: "Ni kama ule wa Waitaliano, ila hauna jibini."

Msomaji, mtoto yule alisema kweli zaidi ya alivyojua, na hapa nakuomba tuache chai ipoe kidogo. Mkate ule uliomtoa roho haukuzaliwa kwenye duka la taa nyingi. Ulizaliwa kwa watu maskini. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Waitaliano kwa maelfu walihamia Marekani kutafuta kazi bandarini, viwandani na kwenye reli. Mtu wa kazi za sulubu hana saa ya kukaa mezani. Anahitaji chakula kinachoshikika kwa mkono, kinachoshibisha hadi jioni, na cha bei anayoiweza. Katika mji wa Portland, jimbo la Maine, mwokaji mmoja aitwaye Giovanni Amato anatajwa kuwa miongoni mwa walioanza kuwauzia vibarua mikate iliyopasuliwa na kujazwa nyama, jibini na mboga. Kila mji ukaupa jina lake. New York waliuita hero, Philadelphia hoagie, na kwingineko ukaitwa kwa jina la nyambizi, ile meli ya chini ya maji, kwa sababu ya umbo lake refu.

Sasa rudi Ngara. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, na Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kuijenga. Wengi walirudi kwao, baadhi wakabaki, na wengine wakaja baadaye kama mafundi, makarani na wenye maduka. Serikali ya kikoloni ililigawa jiji kwa rangi ya ngozi, na Ngara ikawa mojawapo ya mitaa ya Waasia. Ndiyo maana hadi leo utaona nyumba za mawe za zamani zenye roshani, na ndiyo maana chapati, sambusa na bhajia zinaonekana kama zilizaliwa hapa hapa. Kibarua wa reli alikunja chapati kwa sababu ile ile kibarua wa bandari ya Portland alipasua mkate. Nasi tukaipokea chapati, tukaiongezea ndengu za Ukambani, ikawa yetu. Kwa jirani zetu wa Kampala, chapati iliyokunjiwa mayai inaitwa rolex, na Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, imelisha wanafunzi wasiohesabika. Ukiona chakula kizuri cha bei nafuu, ujue nyuma yake kuna mtu aliyekuwa mbali na kwao, mwenye njaa na mwenye haraka.

Tena kuna jambo jingine. Mwaka 1965, katika mji wa Bridgeport, Marekani, kijana wa miaka 17 aitwaye Fred DeLuca, mwana wa familia yenye asili ya Kiitaliano, alikuwa akitafuta karo ya chuo. Rafiki wa familia, Peter Buck, alimkopesha dola 1,000 afungue kiduka cha mikate hiyo. Kiduka kile ndicho kilichokuja kuwa Subway, yenye maduka kwa maelfu duniani. Sikuhadithii haya ili ukaombe mkopo. Nakuhadithia uone kwamba hata ule mti mkubwa ulianza kwa mtu mmoja kumwamini mwanafunzi.

Na neno hilo, kuamini, ndilo lililonifunga koo dakika chache baadaye.

Tulipomaliza kula niliinuka kulipa, kifua mbele, kama mtu anayelipa karamu ya harusi. Chapati nne, chai nne, shilingi 480. Mwenye hoteli akafuta mikono kwenye aproni, akatoa chini ya meza daftari la shule lenye jalada la buluu. Akalifungua, akapitisha kidole.

"Mzee, ya leo ni 480," akasema kwa heshima. "Hii nyingine ya kijana ni mambo yetu, nayo ni 640. Nimelitoa daftari niandike tu kwamba leo amelipiwa."

Kimya kikaingia. Nikamtazama kijana wangu. Naye akaitazama plastiki ya maua.

Kumbe, msomaji, mkopo wake wa masomo ulikuwa umechelewa kwa miezi miwili. Pesa nilizokuwa nikimtumia kwa simu zilikwenda kwa kodi ya chumba anachopanga na wenzake wawili, na kwa kuchapisha kazi za darasani. Kwa majuma matano alikuwa akila mara moja kwa siku, saa nane mchana, ili mlo mmoja ufanye kazi ya miwili. Hapa. Kwenye benchi hii. Na kila Jumapili jioni nilipompigia simu kumwuliza hali, alinijibu kwa maneno yale yale: "Niko sawa, Baba." Nami nilikuwa nikikata simu nikiridhika, kwa sababu jibu hilo halikunigharimu kitu.

Mama yake hakusema neno. Alinyoosha mkono na kumfuta mtoto mkubwa wa miaka 20 makombo shavuni, makombo ambayo sidhani kama yalikuwepo.

Mimi nikafanya kile ambacho mwanamume hufanya akiona haya: nikatoa pochi. "Nitalipa zote," nikasema. Kijana akaweka mkono wake juu ya wangu. "Baba, acha. Mimi ndiye niliyekula. Nimemwambia nitalipa lini."

Mwenye hoteli akaitikia kwa kichwa. "Amenipa tarehe," akasema. "Anayenipa tarehe simsumbui."

Sasa, msomaji, ningeweza kuishia hapo, ukanisifu kwa kulea kijana mwaminifu. Lakini niliahidi kwamba hapa tuko wawili tu, na tukiwa wawili uongo hauna pa kukaa. Maneno yale, "amenipa tarehe", yaliniingia kama mwiba. Kwa maana mimi pia niliwahi kuandikwa kwenye daftari, hapa hapa Ngara, wala sikutoa tarehe.

Nikaketi tena kwenye benchi, nikawasimulia. Mama watoto hajawahi kuisikia habari hii, na tumeoana tangu mwaka 1999.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilileta mpango wa kugawana gharama za elimu. Sisi wanafunzi wa chuo kikuu, ambao waliotutangulia walikula bure kwenye kumbi za chuo, tukaambiwa kila mtu alipie sahani yake. Mwaka 1993 ndio uliotumaliza kabisa. Mfumko wa bei nchini ulipita asilimia 40 mwaka huo. Ulilala sukari ikiwa na bei moja, ukaamka ina nyingine. Tulioishi upande wa Chiromo tuligundua kwamba ukivuka Museum Hill kwa miguu ukaingia Ngara, chakula kilikuwa nafuu.

Ndipo nilipomjua Mama. Hatukumwita kwa jina jingine. Alikuwa na sufuria tatu, benchi moja, na turubai la kuzuia mvua. Chapati shilingi 5, ndengu 8. Siku niliyokuwa na shilingi 5 tu nilimwomba chapati kavu. Alinitazama viatu, akateka ndengu, akaniwekea sahani nzima. "Kula kwanza," akasema, "tutaandika." Akaandika. Kesho yake akaandika tena. Kufikia mwisho wa muhula zilikuwa sahani 16, za chapati moja moja na ndengu. Hesabu mwenyewe: 13 mara 16. Shilingi 208.

Nyumbani nilikuwa nikiandika barua zinazoanza vile barua zote za wakati huo zilivyoanza, kwamba mimi ni mzima, hofu ni kwenu. Unaona? Mwanangu hakujifunza kusema "niko sawa" mitaani. Ni urithi.

Nilimaliza masomo, nikapanda basi kwenda kwetu kutafuta kazi, na siku ile ya kuondoka sikupita Ngara. Nilijiambia kwamba nitarudi nikiwa na pesa. Nilirudi Nairobi baada ya miaka mitatu, na nilikuwa na pesa. Siku moja nikiwa ndani ya matatu, mshahara wa kwanza wa kazi mpya mfukoni, foleni ilitusimamisha karibu kabisa na turubai lile. Nilimwona. Alikuwa akigeuza chapati. Kati yangu na yeye palikuwa na hatua kama 10. Nikafikiri: miaka mitatu, nitamwambia nini? Atanikumbuka? Na akinikumbuka, je, hiyo si mbaya zaidi? Nikasema, "Kesho." Matatu ikaondoka.

Mwenzangu, deni la shilingi 208 si zito. Kilicholifanya zito ni aibu, na aibu haikai pale ulipoiacha, inazaa. Mwaka wa kwanza ningelipa kwa tabasamu. Mwaka wa tatu ilibidi niwe na maelezo. Mwaka wa kumi nilikuwa nikichagua njia ya kupita. Halafu barabara ya Thika ikapanuliwa, kazi iliyoanza mwaka 2009 na kumalizika mwaka 2012, na matawi yake yakapita Murang'a Road, Forest Road na Ngara. Nilipopata ujasiri wa kwenda, mwaka 2013, mahali pa turubai palikuwa lami. Nilimwuliza fundi wa viatu aliyekuwa karibu. "Yule wa ndengu?" akasema. "Alihama barabara ilipokuja. Wengine wanasema Githurai, wengine wanasema alirudi kwao." Kwao wapi? Hakujua. Nami, niliyekula sahani zake 16 bila pesa, sikuwahi kumwuliza jina lake wala kwao.

Nilipomaliza kusimulia, mama watoto alikaa kimya, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Afadhali mwanao ametoa tarehe."

Sikuwa na la kujibu. Nikamgeukia mwenye hoteli. Nikatoa noti ya shilingi 1,000, nikamwambia aiweke awalishe wanafunzi wengine, iwe malipo ya deni langu la zamani. Nilidhani nimepata njia. Mwanamke yule akainama, akachochea makaa, akasema bila ukali: "Mzee, hiyo ni ya kitabu kingine. Ukitaka kunipa pesa za kulisha watoto, nitazipokea na Mungu akubariki. Lakini usiseme umelipa."

Nilimwachia zile pesa. Na alivyosema ndivyo ilivyo. Sijalipa.

Basi, msomaji wangu, baada ya hayo nina machache ya kukuachia, wewe mzazi na wewe mwanafunzi.

Kwako mwanafunzi. Kukopa chakula si dhambi, mradi usikope kwa kujificha. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini matanga yenyewe hupungua ukisema mapema. Toa tarehe. Tarehe ikifika na huna, usibadilishe njia. Nenda ukasimame mbele ya jiko useme sina, nipe nyingine. Mwenye sufuria anajua njaa kuliko unavyofikiri. Asichokijua ni kama utarudi. Siku hizi tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 huna hata kisingizio cha safari: hata ukiwa Lodwar unaweza kumlipa mtu wa Ngara kabla chai haijapoa. Na ujifunze jina lake.

Kwako mzazi. Mtoto akisema "niko sawa", usikate simu hapo. Muulize amekula nini, saa ngapi, na wapi. Akikujibu haraka mno, panda gari uende ukamwone. Mwombe akupeleke mahali anapokula, uketi kwenye benchi yake. Utajua hali yake kwa mlo mmoja kuliko kwa simu 20.

Na kwenu nyote mnaoogopa hoteli ndogo kwa ajili ya usafi, hofu yenu ina msingi, lakini bei si kipimo. Mwaka 2017 kipindupindu kilipozuka Nairobi, miongoni mwa walioambukizwa walikuwemo watu waliokula kwenye hoteli kubwa za heshima. Tazameni haya. Kwanza, maji ya kunawa na sabuni yapo, na mpishi mwenyewe anayatumia? Pili, chakula kinatoka kwenye moto au kimekaa tangu asubuhi? Ndengu zinazotokota ni rafiki yako; zilizopoa muulize zilipikwa lini. Tatu, kachumbari haipiti motoni, kwa hiyo kama huna hakika ya maji iliyooshwa, sema bila haya, "Yangu usiweke." Nne, muulize kwa heshima kama ana cheti cha afya, ambacho mtu anayeshika chakula hutakiwa kupimwa na kukifanya upya kila miezi sita. Aliye nacho hukitundika ukutani kwa fahari. Yetu ya Ngara alikuwa amekitundika karibu na kalenda. Tano, tazama wanaokula. Palipo na fundi, kondakta na mwanafunzi saa saba mchana, chakula hakilali.

Nikuambie mwisho wa Jumamosi yetu. Tuliporudi nyumbani binti alisema mkate wa Kiitaliano ungali ukimwita, nami nimemwahidi kwamba siku ya kuzaliwa kwake ataula mmoja, na nimeitoa ahadi hiyo kwa tarehe. Kijana nimemwongezea pesa za chakula kila juma, na zile 640 sikuzigusa. Juzi alinitumia ujumbe wa maneno mawili: "Nimelipa, Baba." Nakiri kwamba niliusoma mara tatu, na mara ya tatu nilimwonea wivu.

Wewe je? Nina hakika kuna daftari mahali fulani lenye jina lako. Labda ni la muuza mboga, labda la fundi aliyekushonea sare ukaahidi kesho, labda la rafiki aliyekulipia nauli. Kama turubai lake bado limesimama, usingoje barabara ije. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa hiyo hufaa mgonjwa akiwa bado yupo.

Nami kama wewe unayesoma haya uliwahi kuwa na sufuria tatu na benchi moja Ngara mwaka 1993, au kama mama yako ndiye aliyekuwa nazo, basi jua kwamba kuna mwanafunzi mmoja wa Chiromo, viatu vyake vilikuwa vya kahawia na cha kulia kilikuwa na tundu. Ana shilingi zako 208. Hajasahau.

Jumapili ijayo, panapo majaliwa, tutazungumzia wageni wanaokuja kulala siku mbili wakakaa miezi miwili. Hadi hapo, kula ushibe, na ulipe.